Shajara ya mradi: 2³¹ − 1 juu ya bao la kete

Ijumaa, baada ya alasiri. Wete.

Nilikuwa barazani namtazama ami akimla mtu kete bila huruma, mimi nahesabu mashimo. Ni 32, safu nne za nane nane, nimeyajua tangu utotoni. Leo ndiyo kwanza nikang'amua kwamba ukiziba shimo moja yanabaki 31. Na 31 ndicho kipeo (idadi ya zile 2 zinazozidishwa pamoja) cha namba ninayowasumbua nayo wanafunzi kila mwaka: 2³¹ − 1, yaani 2,147,483,647. Namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Kila mwaka nawaambia, kila mwaka wananiamini, na hapo ndipo panaponikera. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona ikithibitishwa, mimi mwalimu wao nikiwemo.

Mwanahisabati Leonhard Euler aliithibitisha mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamekwisha. Alionyesha kwanza kuwa kigawanyo chochote cha namba hii, kama kipo, lazima ukikigawa kwa 248 kibakize 1 au 63. Kisha hakuna haja ya kuvuka 46,340, kwa sababu namba yoyote ya juu ya hapo ukiizidisha kwa yenyewe ushaipita 2³¹ − 1. Maelfu ya majaribio yakapungua yakawa kama 370. Kazi ya mtu mwenye subira, lakini ni kugawanya tu, na kugawanya hakunivutii.

Ninayoitaka ni njia ya Édouard Lucas, Mfaransa wa karne ya 19, ambayo baadaye ilinyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer. Unaanza na 4. Unazidisha namba kwa yenyewe, unatoa 2, unaondoa mafungu yote ya 2³¹ − 1 unabaki na masalio. Unarudia. Kwa kipeo 31 unarudia mara 29. Mwisho ukipata sifuri, namba ni tasa. Usipopata, si tasa. Hakuna labda.

Nimemwomba ami bao lake kwa wiki mbili. Kaniuliza nacheza na nani. Nimemwambia na Mfaransa aliyekufa zamani.

"Basi huyo utamfunga," kasema, akanipa.

Jumamosi usiku

Sheria tumezipanga mimi na mpwa wangu juu ya mkeka, umeme umekatika, taa ya chemli katikati. Naziandika hapa tusije tukabishana.

Kila shimo lina thamani mara mbili ya lililotangulia. La kwanza 1, linalofuata 2, kisha 4, 8, 16, na kuendelea. Shimo lenye thamani 1 tunaliita shimo la 0, lenye 2 ni shimo la 1, lenye 4 ni shimo la 2. Ami kapita akasikia "shimo la sifuri" akasimama: sifuri ni kutokuwepo, na shimo lile pale lipo. Sikuwa na jibu zuri. Nimesema ni jina tu.

Kete moja shimoni hulala. Kete mbili haziwezi kulala pamoja: moja inatolewa mchezoni, ya pili inasogea shimo la mbele. Mbili za 8 ni moja ya 16, basi.

Na hii ndiyo sheria iliyonifanya nilitake bao na si daftari: kete ikitoka shimo la mwisho inaingia la mwanzo. Ukiwa unahesabu kwa masalio ya 2³¹ − 1, basi 2³¹ ni sawa na 1. Kile kipande cha "ondoa mafungu yote", ambacho kwenye karatasi ni kugawanya kurefu kunakochosha, kwenye bao ni kuzunguka tu, kama kete zinavyozunguka siku zote.

Kuzidisha namba kwa yenyewe: chukua kete mbili za namba yako, jumlisha namba za mashimo yao, weka kete kwenye shimo la jumla hiyo. Fanya hivyo kwa kila kete na kila kete, pamoja na kila kete na nafsi yake.

Tumejaribu 14. Kete zake ziko mashimo ya 3, 2 na 1 (8 na 4 na 2). Jirani yetu, binti wa kidato cha tatu aliyekuja kuazima chumvi akakaa, katazama kidogo akauliza kwa nini 3 na 2 tunaifanya, halafu tunafanya tena 2 na 3. Jozi inakuja mara mbili, na mara mbili ni shimo moja mbele. Basi fanya mara moja, ongeza 1.

Nimeona aibu kidogo. Kazi yote imepungua karibu nusu kwa neno la mtu aliyekuja na kikombe mkononi.

Tukaanza upya. Jozi ya 3 na 2 inakwenda shimo la 6. Ya 3 na 1 shimo la 5. Ya 2 na 1 shimo la 4. Za nafsi: 6, 4, 2. Sasa shimo la 4 lina mbili, moja ikasogea 5. La 5 likawa na mbili, moja ikasogea 6. La 6 likawa na tatu, ikabaki moja na moja ikaenda 7. Bao likatulia: 7, 6, 2. Ni 128 na 64 na 4, yaani 196. Toa 2: shimo la 1 tupu, basi kete ya shimo la 2 tunaivunja, zinakuwa mbili shimo la 1, moja tunaiondoa. 7, 6, 1. Ni 194, ndiyo namba inayotakiwa.

Mpwa wangu kapiga kofi. Chumvi imesahauliwa mpaka mama yake binti kaita.

Jumapili

Majaribio madogo leo, sehemu ya bao tu.

Kipeo 5 (2⁵ − 1, yaani namba 31): 4, 14, 8, 0. Dakika tatu.

Kipeo 11 nilikitaka kwa makusudi, maana 2¹¹ − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Si tasa. Nilitaka tuione sura ya bao linapokataa. Raundi tisa, na mwishowe kete tano zimetawanyika mashimo ya 10, 9, 7, 6 na 3. Ni 1736. Hazina mpango wala maana, zimekaa tu. Na hapa pana jambo ambalo wanafunzi hulikosa kila mara: bao limetwambia namba inagawanyika bila kutwambia inagawanyika kwa namba gani. Lucas alifanya hivyo hivyo kwa 2⁶⁷ − 1 mwaka 1876, akasema si tasa, na dunia ikangoja mpaka 1903 Frank Nelson Cole alipotoa vigawanyo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287.

Kipeo 13 ndicho kilichonifurahisha. 8191. Raundi 11. Mpaka ya tisa bao ni vurugu kama lile la 11. Raundi ya kumi vurugu ikafyekwa yote, ikabaki kete moja, peke yake, shimo la 7. Raundi ya mwisho: 7 na nafsi yake ni 14, mashimo ni 13, kwa hiyo inazunguka inaingia shimo la 1. Yaani 2. Toa 2. Tupu.

Nikakumbuka kwa nini. Ili raundi ya mwisho itoe sifuri, namba ya kabla yake ikizidishwa kwa yenyewe lazima itoe 2. Katika mzunguko wa mashimo 13, zenye sifa hiyo ni mbili tu: kete moja shimo la 7, au kinyume chake, bao limejaa kote isipokuwa shimo la 7. Kipeo 13 kinatoa ya kwanza. Kipeo 17 tumekifanya jioni, na kimetoa ya pili: mashimo 16 yenye kete na moja tupu, la 9. Kwa 31 litakuwa shimo la 16. Mpwa kauliza kete au pengo. Nimemwambia tungoje.

Jumanne

Tumepanga njia ya mashimo 31. Mistari ya chaki: safu ya juu kutoka kushoto kwenda kulia (0 mpaka 7), ya pili inarudi mpaka karibu na ukingo (8 mpaka 14), ya tatu inakwenda kulia tena (15 mpaka 21), ya chini inarudi yote (22 mpaka 29), kisha inapanda kwenye shimo la kwanza la safu ya tatu (30). Linabaki moja tu, kichwa cha safu ya pili. Hilo tumeliziba kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Ami: "Mmeziba kichwa? Bao bila kichwa ni ubao."

Tumelikubali kosa, hatujabadilisha njia.

Jumatano mpaka Ijumaa

Raundi nne za mwanzo ni nyepesi, bao halijajaa: 14, 194, 37,634, 1,416,317,954. Kuanzia ya tano mzunguko unaanza (669,670,838) na kila raundi ina kete kama 15 au 16, yaani kuweka kete kama mara 120 hivi. Raundi moja ni robo saa ikiwa hakuna mgeni. Wageni wapo. Mtaa mzima unanukia karafuu, mikeka imetandazwa nje, kila anayepita kuzigeuza karafuu zake anataka kujua tunacheza bao gani lisilo na mshindi.

Binti anasoma jozi kutoka daftari, mpwa anaweka, mimi natuliza bao. Simu marufuku.

Ijumaa saa nne usiku, raundi ya 28. Macho yote shimo la 16.

Vurugu. Kete 13 zimekaa ovyo kila safu. Raundi ya 29 tumeifanya kwa ajili ya heshima tu. Vurugu nyingine.

Hakuna aliyesema kitu. Binti kafunga daftari taratibu.

Jumamosi asubuhi

Ami kaja kulitazama bao lake, na kama desturi yake kabla ya kufanya lolote akazihesabu kete. Zilizo kwenye bao, zilizo kwenye kifuko.

"Sitini na tatu. Yangu moja iko wapi?"

Tukatafuta. Iko chini ya mkeka, upande wa kushoto, karibu kabisa na kile kifuniko cha soda.

Hapo nikaelewa kabla mpwa hajawasha simu. Kete iliyotoka shimo la 30 ilipaswa kuruka kifuniko na kuingia shimo la 0. Mtu (simtaji, ni mimi) aliiweka juu ya kifuniko kwa muda huku akituliza mashimo mengine, ikaviringika ikaanguka. Komwe ni duara, haikai juu ya bati.

Mpwa kaandika programu fupi kwenye simu, mistari haifiki kumi, ikatoa orodha ya raundi zote. Tumelinganisha na daftari. Sawa mpaka ya 10. Raundi ya 11 sisi tuna 1,119,438,706. Sahihi ni 1,119,438,707. Tofauti ni 1. Raundi ya 12 tofauti imeshakuwa ya mamilioni, na kuanzia hapo hakuna hata tarakimu za kufanana. Usiku mbili nzima tulikuwa tukihesabu kwa uangalifu mkubwa kitu ambacho hakipo.

Wenye kompyuta wana ugonjwa huu huu. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, unatafuta namba za aina hii kwa kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote, na kwa miaka mingi kila namba ilipimwa mara mbili kwa mashine tofauti kwa sababu hiyo. Kosa moja dogo la kumbukumbu ya mashine, na wiki nzima za kazi zinapotea bila dalili yoyote. Yao ni chembe ya umeme, yetu komwe chini ya mkeka.

Dawa: kifuniko kimeondolewa, shimo limejazwa nta ya mshumaa mpaka juu likasawazishwa. Na bao la pili tumelichimba chini ya mwembe, mashimo ya udongo, kete ni kokoto. Mpwa na binti juu ya bao la ami. Mimi chini ya mwembe na yeyote nitakayempata. Mwisho wa kila raundi tunasomeana kwa sauti.

Jumatatu

Raundi 9. Tumepishana mara mbili, zote kwangu. Kuku kaparua shimo la 22.

Jumanne

Mvua. Bao la chini limekuwa madimbwi. Nimehamia sakafuni, duara za chaki. Raundi 7.

Tulipokuwa tunangoja mvua ipungue nimewaeleza kwa nini namba hii wanayo mifukoni. Andika 2³¹ − 1 kwa lugha ya bao: mashimo 31, yote yana kete. Haiwezi kuongezeka bila shimo jipya. Mashine zinazohifadhi namba kwa nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya kujumlisha au kutoa, haziwezi kupita hapo. Na mifumo mingi ya zamani inahesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 ndani ya nafasi hizo hizo. Bao litawajaa tarehe 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utajiona uko Desemba 1901.

Binti kauliza kama siku hiyo itakuwa ya skuli. Mpwa kahesabu: Jumanne. Ndiyo, itakuwa.

Alhamisi

Raundi 11, tumefika ya 27. Bao zote mbili zinasema 1,181,536,708. Kete 14. Nimetamani kuendelea lakini isha imeadhiniwa, na binti kaitwa.

Ijumaa, baada ya alasiri

Baraza imejaa. Sikumwita mtu. Ami kakaa kwenye kiti chake, kahawa mkononi, anajifanya hatazami.

Raundi ya 28. Kete 14, kwa hiyo kuweka mara 105. Utaratibu wetu ni kuanza na shimo kubwa kushuka, hivyo ya mwisho kabisa huwa kete ya shimo la chini na nafsi yake. Shimo la chini leo ni la 2. Yaani kete ya mwisho itaanguka shimo la 4.

Ilipofika mara ya 104 nikalitazama bao nikanyamaza. Kete moja shimo la 1. Kisha mstari mmoja usiokatika, shimo la 4 mpaka la 15, kete moja moja, zimejipanga kama watu kwenye safu ya sala. Kwingine kote tupu. Binti kaliona pia, kaacha kusoma.

"Weka," kasema ami. Kumbe anatazama.

Mpwa kaweka kete shimo la 4. Mbili. Moja ikatoka, moja ikasogea la 5. La 5 nalo likawa na mbili, ikasogea la 6. Shimo likitulia nyuma yake linabaki tupu. Mstari ule ukafutika safu ya juu, ya pili ikafutika kutoka kulia kuja kushoto, la 15 likaamka, na kete ya mwisho ikaangukia la 16 lililokuwa tupu. Ikalala.

Zikabaki mbili kwenye bao lote: ya shimo la 16 na ya shimo la 1. Ya shimo la 1 ni ile 2 ya kutolewa. Tumeitoa.

Kete moja. 65,536. Safu ya mbele ya upande wangu, shimo la tatu kutoka kushoto.

Raundi ya 29 nimemwachia ami. Nimemwambia 16 na nafsi yake. Kaichukua kete, katembea nayo kidole kwa kidole mashimo 16, kapita la 30, karuka nta bila kuambiwa, la 0, la 1. Kaiweka. Kanitazama. Nimemwambia sasa toa mbili, na hiyo ndiyo mbili. Kaiokota, kaifumba mkononi.

Mashimo 31 matupu.

"Namba yako haina mtoto," kasema. Ndivyo hasa neno tasa linavyosema.

Mmoja wa wanywaji kahawa kauliza tumeshinda nini. Sikupata la kusema, na kashata ilikuwa inapita.

Jumapili

Bao limerudishwa, kete 64 zimehesabiwa mbele yangu. Nta imebanduka vizuri.

Mpwa kauliza namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo itataka mabao mangapi. Ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, aliyoitangaza GIMPS Oktoba 2024 baada ya Luke Durant kuipata kwa kompyuta nyingi za kukodi. Ina tarakimu 41,024,320. Nimegawanya kipeo chake, 136,279,841, kwa 32: mabao zaidi ya milioni 4. Ami kasema mifenesi ya Pemba haitoshi.

Lakini 127 je? Lucas aliithibitisha 2¹²⁷ − 1 kwa mkono mwaka 1876, namba ya tarakimu 39, na yasemekana aliipanga kama mchezo kwenye ubao wa miraba 127 kwa 127, mfano wa sataranji. Mabao manne ni mashimo 128. Ukiziba moja yanabaki 127. Nimehesabu mara mbili kuhakikisha sijiongopei.

Raundi 125. Kila raundi kete kama 64, yaani kuweka zaidi ya mara 2,000. Jumla kama 260,000. Kwa mwendo wetu ni saa 540 hivi. Saa mbili kila usiku, miezi tisa, bila kuku wala mvua. Mwishoni raundi ya 124 itatupa shimo la 64: ama kete moja peke yake, ama pengo moja katika bao lililojaa. Mpwa keshaangalia kwenye simu. Nimemkataza kusema.

Bao la ami lipo, kwa sharti la nta na si kifuniko. La pili liko kwa jirani wa kule bondeni, kakubali. La tatu ni la skuli, miguu imevunjika lakini mashimo mazima. La nne liko Chake, kwa mzee mmoja ambaye haliazimi kwa mtu asiyemfunga kwanza. Nimeanza mazoezi jana. Ami kanifunga mara sita.